Maswali na majibu: Jina la ukoo Kealoha lilitoka wapi, na je, ni adimu?

SWALI: Binti yangu ameolewa Honolulu, katika visiwa vya Hawaii huko Marekani, na mjukuu wangu aliyezaliwa huko ameandikishwa kwa jina la ukoo la babake, Kealoha. Hapa Tanga ndugu wananiuliza jina hilo lina asili gani na maana gani. Mkwe wangu aliniambia maana yake ni "upendo", basi. Kwenye intaneti nimeona tangazo la kuuza nembo ya ukoo wa Kealoha, na pengine nimesoma kwamba jina hili ni adimu mno. Je, wote wanaoitwa hivyo ni ukoo mmoja? Na tukitaka kumwandikia mtoto nasaba yake, tuanzie wapi?

JIBU: Shikamoo, Mama, na hongera kwa kupata mjukuu. Mkwe wako amekuambia kweli, ila amekupa nusu ya jibu. Kealoha ni maneno mawili ya Kihawaii yaliyoandikwa pamoja, "ke" na "aloha", na ukifungua kamusi utapata upendo. Nusu iliyobaki, ambayo kwangu mimi ninayeshughulika na majina na nyaraka ndiyo nzito zaidi, ni kwamba jina hili halikuanza likiwa jina la ukoo. Lilikuwa jina la mtu binafsi, na ni sheria iliyolifanya kuwa urithi wa watoto wake. Kwa kuwa watu walioitwa Kealoha walikuwapo katika visiwa tofauti, familia zinazolibeba leo nazo zina mizizi tofauti.

Nianze na lugha, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukosea mapema. Kihawaii, tofauti na Kiswahili, huweka neno dogo mbele ya nomino kuonyesha kwamba kinachotajwa ni kile mahususi, si chochote tu cha aina hiyo. Mbele ya maneno mengi neno hilo huwa "ka", lakini mbele ya maneno yanayoanza kwa k, a, e au o kwa kawaida huwa "ke". Kwa kanuni hiyo tunapata Kahale, yaani nyumba, Kekoa, yaani askari shujaa, Kealiʻi, yaani chifu, Kalani, yaani mbingu, na Kealoha. Wingi wa majina ya Kihawaii yanayoanza kwa K unatokana na sarufi hii, wala hauonyeshi udugu wowote baina ya wenye majina hayo.

Neno "aloha" lenyewe ni la kale kuliko makazi ya watu visiwani Hawaii. Mabaharia walioifikia Hawaii kwa mitumbwi kutoka visiwa vya kusini mwa Pasifiki walilileta likiwa tayari limekamilika, na ndugu zake wangali hai katika lugha dada: Wamaori wa New Zealand na watu wa Tahiti husema "aroha", Wasamoa husema "alofa", na Watonga wamelifupisha kuwa "ʻofa". Kwa Wahawaii limebeba upendo, huruma, rehema na wema kwa mgeni, na pia ni salamu ya kukutana na ya kuagana. Huenda umeshaambiwa kwamba linatokana na "alo", yaani uso, na "hā", yaani pumzi. Maelezo hayo yamependwa sana, lakini isimu haiyaungi mkono: irabu ya mwisho katika "aloha" ni fupi ilhali ile ya "hā" ni ndefu, na neno zima linapatikana katika lugha dada tangu kabla Kihawaii hakijawa lugha ya kujitegemea.

Kulitamka jina hili hakutakupa taabu. Kihawaii, kama Kiswahili, kina irabu tano, silabi zake zote huishia kwa irabu, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho; kwa hiyo sema Ke-a-lo-ha, ukikaza "lo". Katika majina mengine utaona alama mbili za kuzingatia. Moja ni ʻokina, ambayo ni sauti ileile ya hamza unayoijua katika kusoma Kiarabu. Nyingine ni kahakō, mstari juu ya irabu unaoirefusha, mfano wa madda. Kealoha halina hata moja, na hiyo ni bahati kwa mtafiti, maana nyaraka nyingi za zamani hazikuandika alama hizo kabisa. Jina kama Kamakau, likikutwa bila alama, laweza kusomwa "ka makau", yaani ndoana, au "ka makaʻu", yaani hofu. Ukikutana na maandishi ya wageni ya miaka ya mwanzo ya karne ya 19, usishangae pia kuona "aroha" mahali pa "aloha". Wamisionari waliofika mwaka 1820 walikuwa bado wanatafuta tahajia, na ni mwaka 1826 walipoamua kuziacha herufi b, d, r, t na v katika maneno ya Kihawaii.

Sasa tuje kwenye maana, kwani tafsiri ya maneno ni jambo moja na maana ya jina ni jingine. Zamani Mhawaii alikuwa na jina lake mwenyewe, na jina hilo halikuchaguliwa kwa uzuri wa sauti. Liliweza kuoteshwa katika ndoto, na hilo liliitwa "inoa pō", jina la usiku. Liliweza kutoka kwa babu au bibi. Liliweza kuadhimisha tukio. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Malkia Liliʻuokalani, mtawala wa mwisho wa ufalme wa Hawaii. Alipozaliwa tarehe 2 Septemba 1838, chifu mkuu wa kike Kīnaʻu alikuwa anaugua macho, na mtoto akapewa majina Liliʻu, Loloku, Walania, Kamakaʻeha: mwasho, machozi, maumivu makali, jicho linalouma. Mtu mwenye kamusi peke yake angedhani wazazi walimwapiza binti yao, kumbe majina yalihifadhi siku ya ugonjwa wa mtu mkubwa. Sisi tunaokua na kina Mashaka, Tabu, Masika na Chausiku hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili. Anayeitwa Mashaka hana mashaka zaidi ya jirani yake. Ana habari ya wakati wa kuzaliwa kwake.

Vivyo hivyo Kealoha. Upendo wa nani, kwa nani, na katika tukio gani? Huenda mtoto alizaliwa baada ya kifo cha mpendwa, huenda jina lilimkumbuka chifu fulani, na huenda lilikuwa kipande cha jina refu zaidi, kama Kealohalani, upendo wa mbinguni, au Kealohapauʻole, upendo usiokwisha. Jibu la swali hilo limo katika habari za mtu wa kwanza wa familia ya mkwe wako kuitwa Kealoha, nako ndiko kunakofaa kuelekeza juhudi zenu.

Mtu huyo wa kwanza si wa mbali kama mnavyoweza kudhani. Tarehe 24 Agosti 1860 Mfalme Kamehameha IV alitia saini sheria ya kuratibu majina. Iliamuru kwamba mke achukue jina la mumewe, kwamba watoto wa ndoa watakaozaliwa tangu hapo wabebe jina la baba yao kuwa jina la ukoo, na juu ya hilo wapewe jina la Kikristo linaloendana na jinsia yao. Waliozaliwa nje ya ndoa walipaswa kuchukua jina la mama. Mwanamume aliyekuwa akiitwa Kealoha tu, kwa jina lake mwenyewe, akajikuta jina lake limekuwa la wanawe wote na wajukuu wake wote. Unalijua jambo lenyewe kwa sura nyingine: mtu wa pwani anaitwa Ali bin Juma bin Hamisi, na siku anapokata pasipoti kwenda ughaibuni, Hamisi, ambalo lilikuwa jina la babu, linageuka ubini wa familia nzima.

Sheria hiyo haikufuatwa kwa usawa kila mahali. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuishia na majina tofauti, mmoja akifuata jina la baba na mwingine la babu. Tena ulikuwapo, na upo hata leo, utamaduni wa hānai, ambapo mtoto hulelewa na ndugu wengine. Mzaliwa wa kwanza wa kiume aliweza kudaiwa na upande wa baba na wa kike na upande wa mama. Mtoto wa hānai aliweza kulibeba jina la waliomlea. Kwa hiyo hata ndani ya familia moja jina na damu havikwendi sambamba daima. Sharti la jina la Kikristo lilifutwa mwaka 1967, lakini kwa zaidi ya miaka 100 lilikuwa limekwisha kuyasukuma majina ya Kihawaii mahali pa jina la kati, na Kealoha, ambalo hufaa mwanamume na mwanamke, ni mojawapo ya yaliyopendwa mahali hapo.

Kuhusu ukoo mmoja, basi, jibu ni hapana. Katika Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920, timu ya Marekani ilikuwa na waogeleaji wawili wenye jina hili kutoka Hawaii. Pua Kealoha alishika nafasi ya pili katika mita 100 mtindo huru, nyuma ya Duke Kahanamoku. Warren Kealoha alishinda mita 100 za kuogelea chali, na akashinda tena Paris mwaka 1924. Wasomaji wengi huwafanya ndugu kwa sababu ya jina tu. Jina peke yake haliwezi kubeba ushahidi huo, wala msikubali liwabebee ninyi katika kuandika nasaba ya mtoto.

Je, ni adimu? Hapa lazima tuulize: adimu wapi? Ndani ya Hawaii, Kealoha ni miongoni mwa majina ya ukoo ya Kihawaii yanayofahamika zaidi. Ofisi ya sensa ya Marekani ilipochapisha majina ya ukoo ya sensa ya 2010, ilitaja yale tu yaliyobebwa na watu 100 au zaidi, na yalikuwa 162,253; Kealoha limo. Katika jimbo la ndani la Marekani, au Tanga, mjukuu wako anaweza kuwa peke yake kwa maili nyingi, na hapo ndipo uvumi wa "adimu mno" unapopata nguvu. Majina ya Kihawaii yaliyo adimu kwelikweli ni yale marefu ambayo ni sentensi nzima, yanayobebwa na familia moja tu. Kwa ajili ya majina kama hayo jimbo la Hawaii lilipanua nafasi ya jina katika leseni ya udereva mwaka 2013 hadi herufi 40.

Lakini ipo sababu nyingine ya uchache, na sipendi kuipita kimya. Surua ya 1848 na ndui ya 1853 ziliua maelfu. Sensa ya 1853 iliwakuta wenyeji wapatao 70,000, na ile ya 1890 ikawakuta 34,436 wasio na mchanganyiko na 6,186 wenye mchanganyiko. Majina mengi yalizikwa pamoja na watu hao bila kuachiwa mtoto. Jina lolote la Kihawaii lililovuka karne hiyo lilivuka na mtu aliyenusurika.

Nembo msinunue. Desturi ya nembo za familia ni ya Ulaya, ambako hata huko nembo hupewa mtu na si kila mwenye jina lake. Ufalme wa Hawaii ulikuwa na nembo yake ya taifa, lakini familia za kawaida hazikuwa na kitu hicho. Kinachoambatana na jina kwa Wahawaii ni "mele inoa", utenzi uliotungwa kumsifu mwenye jina, na "moʻokūʻauhau", yaani nasaba. Muulizeni mkwe kama kwao kuna kimoja kati ya hivyo.

Utafiti wenyewe uende kutoka leo kurudi nyuma. Chukueni vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vya baba na babu, kisha daftari za sensa, ambazo zimefunguliwa kwa umma kuanzia ile ya 1900 hadi ya 1950. Ile ya 1900 ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu, na hilo hutenganisha akina Kealoha wawili haraka. Mkifika kabla ya 1860 msitafute jina la ukoo. Tafuteni mtu mmoja na ardhi yake, katika madai ya mashamba yaliyowasilishwa mbele ya tume ya ardhi miaka ya 1840 na 1850, wakati wa mgawanyo mkubwa uitwao Māhele. Humo mashahidi walitaja shamba, mipaka yake na mara nyingi aliyelirithisha. Magazeti ya Kihawaii, yaliyochapishwa kuanzia 1834 hadi 1948, yana matanzia na maombolezo ya watu wa kawaida, na mengi yanasomeka bure katika maktaba ya kidijitali ya Ulukau.

Kabla ya yote hayo, Mama, mwombe mkwe wako mambo mawili kutoka kwa mzee wake aliye hai: jina la Kealoha wa kale zaidi anayekumbukwa, na kisiwa na kijiji alichoishi. Bila kisiwa na kijiji, mtawafuata akina Kealoha wasiowahusu.