Usiguse rangi kabla hujatoka nje ukaitafuta DPC, karatasi ya kuzuia maji chini ya ukuta (kwa aliyeuliza kuhusu nyumba ya Migosi, Kisumu)

Simamisha fundi leo. Hata kama ameshafungua kopo, lifunge.

Umesema nyumba ni ya mama, ukuta wa sebule umelowa kuanzia sakafuni hadi usawa wa magoti, plasta inatoa unga mweupe, na fundi anataka akwangue, apake jipsamu, kisha rangi ya mafuta "ifungie unyevu", yote yaishe kabla ya Desemba. Ushauri huo niliuziwa mimi huku Nyamasaria, karibu kwa maneno hayo hayo. Ningesema ni fundi yule yule, ila wangu siku hizi hashiki simu.

Alikuja akagongagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa, akatangaza kwamba waliojenga walibania saruji kwenye plasta. Muuza hadiwea naye akaniongezea dawa ya kuzuia maji, na kila nikirudi anasema bado koti moja la kupaka. Jipsamu ikapigwa msasa hadi ikawa laini, juu yake rangi ya mafuta. Ukuta uling'aa, sikatai. Mvua za Machi zilipoingia rangi ikaanza kuvimba mapovu, ukibonyeza linatoka tone la maji. Jipsamu chini yake ikawa tope, maana jipsamu na maji hazikai nyumba moja. Na unyevu uliokuwa magotini ukapanda hadi karibu na swichi ya taa! Mashemeji walipotembelea nikawaambia ule ni mchoro wa Ziwa Victoria, na pale kwenye swichi ndipo Mbita. Walicheka. Mke wangu hakucheka.

Maji yanapanda kwenye vitundu vidogo vya jiwe na saruji yakitoka ardhini, na kwa kawaida hayapiti sana mita moja kwa sababu njiani yanakauka kupitia uso wa ukuta. Ukiuziba uso huo kwa rangi ya mafuta, maji hayasemi "haya, tumeshindwa". Yanapanda zaidi kutafuta mahali pa kutokea. Ule unga mweupe ni chumvi ya udongoni na ya saruji yenyewe: maji yakikauka inabaki, inaganda ndani ya plasta na kuibambua kutoka ndani. Kwa hiyo dawa yote ile niliipaka juu ya dalili, tena kwa pesa za SACCO.

Kinachonichoma ni kwamba katika watu wote waliokula pesa yangu, hakuna hata mmoja aliyezunguka nyuma ya nyumba. Wangezunguka wangeona kabro, yale matofali ya kutandika uwanjani. Nilitaka uwanja upendeze, kwa hiyo moramu ikamwagwa, ikashindiliwa, kabro juu yake, na uwanja wote ukainuka ukaipita DPC, ile karatasi nyeusi ya lami inayolazwa juu ya msingi kabla ya kuta kuanza ili maji ya ardhini yasipande. DPC inatakiwa iwe angalau inchi 6 juu ya ardhi ya nje. Yangu ilikuwa imezikwa. Maji yakawa yanaingia ukutani juu yake, bila kuiomba ruhusa. Na udongo wetu mweusi huku hauachii maji haraka, mnaujua.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu: shusha ardhi kwanza, rangi ni mwisho. Ng'oa kabro iliyougusa ukuta, chimba hadi uione DPC, endelea inchi 6 chini yake, uhakikishe mteremko unakwenda mbali na nyumba. Bustani ya maua iliyoegemezwa ukutani nayo iondoke, mama atanisamehe. Ukijaza kokoto kwenye huo mtaro bila kuupa njia ya kutokea, kwenye udongo mweusi umejitengenezea bwawa. Kama kuna gata (mfereji wa paa) linalovuja juu ya ukuta huo, lizibwe kabla ya yote, maana huenda likawa ndilo pekee lenye hatia.

Ndani, bomoa plasta iliyokufa, futi moja juu ya alama ya mwisho ya unyevu. Chumvi isugue kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ukutani. Halafu subiri. Hesabu ya kawaida ni kama mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo jiwe la inchi 6 ni nusu mwaka. Najua Desemba haiko mbali hivyo. Mama akae na ukuta usiopakwa, asogeze kochi lifunike. Fundi akikwambia wiki mbili zinatosha, muulize kama atarudisha pesa.

Kama unabisha kwamba ni jasho la hewa tu, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gamu tepu pande zote, kikae siku mbili. Umande ukiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukiwa upande wa chumba, fungua madirisha.

Uliuliza pia kuhusu mabati na doa la saruji: namba ya geji, kipimo cha unene wa bati, ikipanda unene unashuka, kwa hiyo geji 32 usikubali hata kwa bei ya kutupa. Doa la saruji kwenye vigae, usimruhusu mtu amwage asidi ovyo, inakula saruji ya kwenye maungio. Uliuliza na habari ya bafu, hilo wengine watakujibu.

Wewe nitumie picha ya ukuta huo kutoka NJE, pale chini unapokutana na ardhi. Hizo tatu ulizoweka ni za sebuleni, na hapo sina cha kuona.