Kwa wanaoingia kamati ya safari na mihadhara: swali kwanza, gari baadaye

Mwanakamati mpya wa chama cha historia hapa Pwani huanza na gari. Basi litakodiwa kwa bei gani, watakwenda watu wangapi, chakula cha mchana nani atapika. Hayo ni ya lazima, lakini yakitangulia, ziara hugeuka matembezi: watu huingia kwenye magofu, hupiga picha, huzunguka kidogo, kisha hurudi garini wakisema ni pazuri. Ziara ya chama huanza na swali moja. Swali hilo ndilo huamua nani aalikwe kutoa mhadhara, mwende wapi, mwezi gani, na mtasimama mbele ya ukuta upi.

Chukua Gede, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi. Mji ule ulistawi sana katika karne ya 15, na kufikia karne ya 17 ulikuwa umehamwa. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na tangu hapo sababu za kuhamwa zimejadiliwa: maji ya visima kuzama chini, mashambulizi kutoka kaskazini, biashara kuvurugika baada ya Wareno kuingia. Swali lako likiwa “kwa nini watu waliondoka?”, tayari unajua pa kusimama. Kwanza kaburi lenye tarehe, lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni mwaka 1399 au 1400. Hapo watu wanashika kwamba mji ulikuwa hai wakati huo. Pili, Msikiti Mkuu na kisima chake. Tatu, ukuta wa ndani, ili waone jinsi eneo lililozungushiwa ukuta huo lilivyo dogo kuliko lile la ukuta wa nje. Nne, jumba la mtawala. Mwisho, chumba cha makumbusho pale pale, waone vitu vilivyotoka kwenye nyumba walizopita. Vituo vitano, dakika 15 kila kimoja, pamoja na kutembea, ni saa mbili. Ukiongeza cha sita na cha saba, watu huacha kusikiliza tangu cha nne.

Mwaka wa Hijria ukiukuta kwenye jiwe, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Kwa 802 utapata karibu 1400. Hesabu hii inaweza kupishana kwa mwaka mmoja, na kwa kuelezea watu mkiwa uwanjani inatosha. Kwenye karatasi mnayogawa andika mwaka wa Hijria kwanza, kwa sababu ndio ulioandikwa na wenyewe.

Kishawishi kikubwa ni kuunganisha. Mkitoka Mombasa kwenda Gede ni karibu kilomita 100, na njiani mnapita magofu ya Mnarani, ng’ambo ya kusini ya mkono wa bahari wa Kilifi, hatua chache kutoka barabarani. Kila mwaka kuna mtu atakayesema “tushuke kidogo tu”. Msishuke. Kushusha watu 30, kulipa kiingilio, kuwatembeza na kuwakusanya tena hula saa moja na nusu, na mtafika Gede jua likiwa utosini. Mnarani ina misikiti yake na makaburi yake ya minara, yaani yenye nguzo ndefu ya mawe, inastahili siku yake. Halafu kuna foleni ya Mtwapa, ambayo haijali ratiba. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, na tangazo liseme saa kumi na moja u nusu.

Sasa maji ya bahari, maana hapa ndipo safari nyingi huharibika. Magofu ya Takwa yako kisiwa cha Manda, Lamu, na mashua hufika kwa kupita mkondo wa mikoko ambao maji yakipwa hubaki tope. Mkichelewa kutoka, mtakaa huko mpaka maji yajae tena, yaani saa kadhaa. Kanuni ya kwetu ni hii: siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika kama 50. Kwa hiyo ukipanga safari ya asubuhi siku ya bamvua, utafika maji yakiwa yamekauka. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa asubuhi, lakini hayapandi sana, na mashua yenye watu wengi inaweza kukwama. Siku nzuri ni kama tatu au nne kabla ya mwezi mpevu au mwandamo: maji hujaa karibu na saa saba mchana, mnaingia saa tano yakiwa yanapanda, na saa nane mko mashuani. Hakikisha saa zenyewe kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka huo, kisha muulize nahodha wa Lamu kabla hujachapisha tarehe. Akisema jedwali limekosea kwa mkondo ule, mfuate yeye.

Upepo nao uwekwe kwenye kalenda. Kusi linapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, safari za mashua ziwe za ndani ya mikondo tu. Masika, kuanzia Aprili, magofu yaliyo msituni kama Gede huwa na mbu na mawe yenye utelezi. Miezi hiyo ifanyeni ya mihadhara.

Barua ya maombi ipelekwe kwa msimamizi wa eneo wiki tatu kabla, ikitaja tarehe, saa ya kufika, idadi, na jina la atakayeongoza. Viingilio vya Makumbusho ya Taifa ya Kenya hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni, mtu mzima na mtoto, kwa hiyo orodha ya majina iwe na safu hiyo tangu mwanzo. Malipo mengi sasa ni ya simu au mtandaoni. Lipeni siku moja kabla, kwa sababu mtandao ukigoma getini, kundi zima litasimama juani.

Kundi moja lisizidi watu 25 kwa kiongozi mmoja. Milango ya nyumba za kale ni myembamba na vyumba vyenyewe vina upana wa mita mbili na nusu hivi, kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Hilo lenyewe ni somo: simamisha watu wawili katikati ya chumba, wanyooshe mikono, kisha waonyeshe matundu ya boriti juu ya ukuta. Mkiwa 40, gaweni makundi mawili, moja lianzie kituo cha kwanza na jingine cha mwisho.

Mbele ya ukuta, usianze na tarehe. Waambie waguse kwa macho kwanza. Mawe makubwa yasiyo na umbo ni ya mwamba wa matumbawe uliochimbwa nchi kavu. Yale laini, yaliyokatwa kwa pembe safi kuzunguka mlango na mihrabu, ni ya tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi, likachongwa kabla halijakauka na kuwa gumu. Katikati ni chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe. Mtu akishaona tofauti hiyo mara moja, ataiona kila gofu atakaloingia, kuanzia Jumba la Mtwana hadi Kilwa. Kwenye mlango mmoja wa Msikiti Mkuu wa Gede kuna mkuki uliochongwa juu ya tao. Wape dakika mbili wautafute wenyewe kabla ya kuwaonyesha.

Maandishi na nakshi zilizofifia watu hupenda kuzipaka chaki au unga, au kuzimwagia maji, zitokee kwenye picha. Katazeni kabisa. Chaki huingia kwenye vitundu vya jiwe na haitoki. Chukueni tochi, shikeni karibu na ukuta upande mmoja ili mwanga upite juu ya jiwe kwa mshazari. Kivuli kitatoa herufi zote. Katazeni pia kupanda kuta. Mawe ya juu kabisa hushikwa na chokaa ambayo mvua imeilainisha, na likianguka moja, maji hupata njia ya kushuka ndani ya ukuta mzima.

Vigae ni mtihani. Jumba la Mtwana, Gede na ufukwe wowote wenye magofu utaviona chini: vipande vya vyungu vya kienyeji, kaure ya kijani ya China, vipande vya bluu na nyeupe. Mtoto ataokota, na mzee pia ataokota. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivi, lakini waelezeni na sababu: kigae kikiwa mahali pake kinaeleza nyumba ilikuwa ya nani na ilikaliwa lini, kikiwa mfukoni ni kigae tu. Nyumba kadhaa za Gede zimepewa majina kwa vitu vilivyokutwa ndani yake, kama mkasi, taa ya chuma, sarafu za Kichina. Majina hayo yasingekuwapo kama mtu angevihamisha kabla. Anayetaka kuonyesha kigae apige picha pale kilipo, na rula pembeni kwa kipimo.

Misikiti iliyobomoka bado ni misikiti machoni pa wengi wetu. Mavazi ya heshima, hakuna kula ndani, hakuna kukaa juu ya kaburi. Takwa watu wa Shela bado huenda kuomba mvua penye kaburi la mnara. Mkikuta kitambaa au ubani, msiguse.

Mhadhara uwe wiki moja au mbili kabla ya ziara, si baada yake. Jumamosi kati ya alasiri na magharibi hufaa: anza saa kumi na robo, maliza saa kumi na mbili kasoro robo. Mzungumzaji apewe dakika 40 na aambiwe swali la ziara kwa maandishi. Asipoambiwa, ataleta mhadhara aliotoa kwingine, na mara nyingi utakuwa ule wa zamani wa miji iliyojengwa na wageni waliotoka Uarabuni na Uajemi. Uchimbaji wa Shanga, kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980 ulionyesha msikiti ukikua hatua kwa hatua kutoka wa miti katika karne ya 8 hadi wa mawe, ndani ya mji ule ule wa wenyeji. Mzungumzaji asiyeufahamu utafiti huo asipewe mada ya asili ya miji.

Utafiti wa DNA uliotolewa mwaka 2023, uliohusisha mifupa ya Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko, umeonyesha mchanganyiko wa wazee wa Kiafrika, hasa upande wa mama, na wa Kiasia, hasa Waajemi, upande wa baba. Ukumbini watakuwamo watu wanaowahesabu marehemu hao kuwa babu zao. Mwenyekiti aseme mapema kwamba mada ni mifupa ya makaburini, aulize kama kuna anayetaka kusema jambo kwanza, na asiruhusu matokeo yageuzwe ubishi wa nani Mswahili zaidi. Dakika 20 za maswali hazitoshi mada hii, tengeni 40.

Mambo ya ukumbi ni mafupi. Fika saa moja kabla, jaribu projekta na kompyuta ya mzungumzaji mwenyewe, na uwe na waya za aina zote mbili, HDMI na VGA. Jua la alasiri huingia madirishani na kufuta picha ukutani, kwa hiyo beba khanga nzito mbili na pini.

Baada ya ziara, ndani ya siku mbili, andika ukurasa mmoja: tarehe, saa maji yalipojaa kweli, gharama halisi, kituo kilichochukua muda kuliko ilivyopangwa, maswali yaliyokosa jibu. Ambatisha picha za nyufa mpya, mizizi iliyoingia ukutani na plasta iliyobanduka, kila picha na tarehe na mahali ilipopigwa, kisha mpelekee nakala msimamizi wa eneo. Picha ya ufa ule ule ya mwaka jana na ya mwaka huu humsaidia kuomba fedha za ukarabati. Maswali yaliyokosa jibu yaingie kwenye ajenda ya kikao kinachofuata, na mojawapo ndilo swali la safari ijayo.