Tuko sita, wanaongea wawili tu

SWALI: Mambo mhariri, timu yetu tuko sita, kila tukikaa kubuni kitu kipya wanaongea wawili, wengine tunaitikia kwa kichwa. Tatizo ni sisi au kikao?

JIBU: Ni kikao ndugu yangu, msijilaumu. Anaongea mtu mmoja kwa wakati, sasa we unasubiri zamu huku unamsikiliza mwenzio, wazo lako linayeyuka, au unaona halifanani na la bosi unalimeza. Wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walilionyesha mwaka 1987, kusubiri zamu ndo kunaua mawazo mengi, kuliko hata kutegeana.

Jaribuni njia ya Mjerumani Bernd Rohrbach ya 1968: watu 6, kila mtu anaandika mawazo 3 ndani ya dakika 5, kimya kabisa, halafu karatasi inaenda kwa jirani naye anajenga juu ya aliyoyakuta, raundi 6, nusu saa tu mna hadi mawazo 108 mezani. Kuongea kuje baadaye, na bosi aseme wa mwisho, hapo nasisitiza sana, maana akifungua yeye wengine wote wanageuka mwangwi.