Kabla hujafungua alteneta, shika multimita

Alteneta ni mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme wa gari na kuchaji betri. Ya kwanza niliyoibadilisha kwa mikono yangu ilikuwa nzima. Taa ya betri ilikuwa inawaka kwenye dashibodi, gari likilala usiku asubuhi haliwaki, nami nikaamini moja kwa moja kwamba alteneta imekufa. Nikanunua nyingine, nikashinda nayo siku nzima chini ya boneti. Nilipowasha injini, taa ikawaka vilevile. Kosa lilikuwa kwenye waya mnene unaotoka nyuma ya alteneta kwenda kwenye betri. Kichwa chake kilikuwa kimeliwa na kutu ya kijani, na kutu yote ilijificha chini ya kifuniko cha mpira ambacho sikujishughulisha kukifunua. Kufungua alteneta ni kazi ya spana tatu au nne. Ugumu uko katika kujua kama kweli inahitaji kufunguliwa, na hapo ndipo nataka wewe unayeanza utumie muda wako mwingi.

Weka multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye volti za DC, ndio umeme wa betri. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Washa injini, upime tena palepale kwenye teminali za betri. Alteneta inayofanya kazi hupandisha kipimo hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Kikibaki kwenye 12 na kuzidi kushuka, chaji haifiki. Kikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za alteneta) imeshindwa kudhibiti, na ukiendelea kuliendesha gari hivyo utachemsha betri na kuunguza balbu. Sasa washa taa kubwa na feni, uangalie kama kipimo kinasimama imara. Katika magari mengi ya siku hizi kompyuta ndiyo inayoamuru kiasi cha chaji, na huweza kuishusha makusudi pale umeme unapotumika kidogo, kwa hiyo usitoe hukumu kabla hujawasha vitu hivyo.

Kama chaji haifiki, bado usichukue spana. Injini ikinguruma na taa zikiwaka, gusisha ncha moja ya multimita kwenye boliti ya waya mnene, ile iliyoandikwa B au B+ nyuma ya alteneta, na nyingine kwenye chanya ya betri. Angalia tu mikono, nguo na nyaya za multimita zikae mbali na mkanda unaozungusha alteneta. Ukiona tofauti inayozidi kama volti 0.3, umeme unapotelea njiani: kwenye waya, kwenye kichwa chake au kwenye fyuzi kubwa. Pima hivyohivyo kati ya bodi ya alteneta na hasi ya betri. Kipimo hiki huchukua dakika mbili, na kingeniokoa siku ile. Tazama na mkanda pia, maana mkanda uliolegea au uliolowa mafuta huteleza kwenye puli, lile gurudumu la alteneta unakopita mkanda, na alteneta haizunguki inavyotakiwa.

Kuna mtindo wa zamani wa kuvua teminali ya betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama gari litazima. Usiufanye, hata ukielekezwa na mtu unayemheshimu. Volti huruka ghafla, na mruko huo unaweza kuua daiodi (vipande vinavyogeuza umeme wa alteneta uwe DC), regyuleta, hata kompyuta ya gari.

Ukishathibitisha kwamba alteneta ndiyo mbovu, zima gari na uvue hasi ya betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ule waya wa B+ una umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikigusa boliti hiyo na chuma cha injini kwa wakati mmoja, inapiga cheche nyeupe na kuacha shimo dogo kwenye chuma. Ukiwa umevaa pete, pete inaungua pamoja na kidole. Ivue.

Piga picha njia ya mkanda kabla hujaulegeza, kisha uichore pia kwenye karatasi, kwa sababu picha haioneshi vizuri mkanda unapopita nyuma ya puli. Tenshena, yaani kikaza mkanda, irudishe taratibu, usiiachie ijirushe.

Ukiitoa alteneta, ilaze kando ya mpya. Hesabu mifereji ya puli, linganisha kipenyo chake, matundu ya boliti, soketi ya nyaya na ampea zilizoandikwa. Mpya yenye ampea pungufu usiifunge. Kama ya zamani imelowa oili, tafuta kwanza inakovuja, la sivyo hata mpya itakufa kwa ugonjwa uleule. Na kama kosa ni kaboni zilizoisha tu, zile brashi zinazogusa sehemu inayozunguka ndani, alteneta nyingi zinabadilishwa kaboni bila kutupwa.

Wengi hukwama pale mpya inapokataa kuingia kwenye mkono wake, yaani kishikio cha kwenye injini inakofungwa. Kwenye sikio la alteneta mara nyingi kuna bushi ya chuma inayoteleza, ambayo hujibana boliti inapokazwa. Irudishe nyuma milimita mbili tatu kwa kuigonga polepole, nayo alteneta itaingia bila kulazimishwa. Usiikongoe kwa bisibisi. Bodi yake ni ya alumini na hupasuka. Boliti zote zianze kwa vidole mpaka zishike vizuri, ndipo ulete spana.

Kabla ya kuwasha, chaji betri kwa chaja hadi ijae. Alteneta imeundwa kulisha vifaa vya gari na kurudishia betri kile kilichotumika kuwasha injini. Ukiipa betri iliyoisha chaji kabisa, itazalisha kwa nguvu zote kwa muda mrefu, na joto hilo ndilo linaloua daiodi zikiwa bado mpya.

Hasi ya betri irudi mwisho. Washa injini, usikilize mkanda kama unalia, usome volti, kisha upime tena ukiwa umewasha taa na feni. Kesho yake, injini ikiwa imepoa, vua tena hasi ujaribu nati ya B+ na boliti zinazoshika alteneta kwa spana. Kama nati inakubali hata robo mzunguko, ilikuwa haijakazwa sawasawa.