Fesi yia, variansi haiwi hasi

Jumapili nilipita kwenye diskasheni ya takwimu ya fesi yia, wale wa mwaka wa kwanza chuoni, nje ya hosteli, nikamkuta dogo mmoja ana desa, yaani noti, la kurasa 60 mapajani, anakariri fomula ya mediani, ile thamani ya katikati, macho kayafumba. Testi ni Alhamisi. Nikamwuliza, "Hiyo cf ni nini?" Akanijibu, "Kaka, si ile ya kwenye fomula?" Nikashindwa kuondoka. Nilikaa nao mpaka giza likaingia na upepo wa Dodoma ukaanza kutupeperushia karatasi. Usiku huo nikaona niwaandikie na ninyi wengine, wadogo zangu, maana mnarudia yale yale tuliyoyafanya sisi, na mimi nimechoka kuyaangalia.

Moja. Daraja, yaani kundi la namba, likiwa 10–19 na linalofuata 20–29, mpaka wa chini wa hilo la pili ni 19.5, siyo 20. Na cf ni jumla ya marudio ya madaraja yote yaliyo kabla ya lile lenye mediani. Lenyewe haliingii.

Mbili. Kalkuleta iwe yako, na uifute data za swali lililopita kabla hujaanza jipya. Usiniletee habari za kuazima mlangoni, asubuhi ya pepa.

Tatu. Hili bado linaniuma, kwa hiyo nitalisema lote. Testi yangu ya kwanza ilikuwa na swali la magunia ya alizeti ya wakulima watano wa Kongwa: 4, 6, 7, 9 na 14. Tafuta variansi (kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani) na mkengeuko sanifu (kipeuo cha pili cha variansi) wa sampuli. Swali la bure kabisa. Nilikuwa nimekesha siku mbili, na ile fomula ya mkato niliishika kichwani: jumla ya vipeo vya pili, toa kipeo cha pili cha jumla, gawanya. Nikajumlisha magunia, 40. Nikachukua vipeo vya pili, 16, 36, 49, 81, 196, nikapata 378. Mpaka hapo niko sawa. Halafu 40 mara 40 ni 1,600, ambayo kwanza nilitakiwa kuigawa kwa 5 ili ibaki 320. Nikaisahau hiyo 5. Basi 378 toa 1,600 ikanipa hasi 1,222. Nikagawa kwa 4, hasi 305.5. Nikabonyeza kipeuo cha pili, kalkuleta ikakataa, ikaandika kuwa hesabu ina kosa. Mashine ilinionya, jamani. Mimi nikaifuta alama ya hasi, nikabonyeza tena, nikapata 17.48, nikapiga mistari miwili chini ya jibu.

Zitazameni tena namba zenyewe. Mwenye magunia machache ana 4, mwenye mengi ana 14, kutoka huyu hadi yule ni magunia 10 tu. Ni mkulima yupi hapo aliyeachana na wastani kwa magunia 17? Na variansi inatokana na vipeo vya pili. Hakuna tofauti ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inaleta hasi. Ukiiona hasi, kosa liko nyuma yako, rudi ulitafute. Jibu lilikuwa 378 toa 320, yaani 58, gawa kwa 4 upate 14.5, na kipeuo chake ni 3.81. Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa amezungushia wino mwekundu pale nilipofuta ile alama. Hakuandika neno. Nilipata 4 kati ya 15, koswaki, yaani alama za kabla ya mtihani, ikanibana hadi UE, mtihani wenyewe wa mwisho, nikashika supu, yaani kuurudia mtihani. Wenzangu wakiwa makwao, mimi nikarudi Dodoma peke yangu kwa nauli ambayo mama aliikopa kwenye vikoba. Sikuwahi kumweleza kwamba ni kwa sababu ya kusahau kugawa kwa 5.

Nne. Kugawa kwa N, idadi ya wote, au kwa n toa 1, n ikiwa idadi ya waliomo kwenye sampuli. Kila mwaka watu wanagombana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima, na 3,085,625 kati yao ni wa mkoa huu wa Dodoma. Hapo umewahesabu wote, gawa kwa N. Wakulima watano waliochukuliwa ili wakuelezee Kongwa yote ni sampuli, na tofauti zao unazipima kutoka kwenye wastani wao wenyewe, ulio karibu nao kuliko wastani wa kweli. Ndiyo maana ukigawa kwa 5 jibu huwa linaelekea kuwa dogo mno. Ukielewa hilo huna cha kukariri.

Tano. Past pepa zinafanywa kwa kalamu. Kusoma majibu ya mwenzako siyo kufanya.

Yule dogo wa Jumapili nilimnyang'anya desa, nikampa yale yale magunia matano, nikamwambia atumie njia ndefu, atoe wastani wa 8 kwa kila mkulima. Akaandika taratibu: 16, 4, 1, 1, 36. Akajumlisha, 58. Kabla hajagawa akasimamisha kalamu kwenye ile 36, akaitazama kwa muda.

"Kaka, kumbe huyu mwenye 14 peke yake ndiye amebeba zaidi ya nusu."

Nikamrudishia desa lake.