Swali la Lugha: "-ka-" na "-li-" katika hadithi ya kusikilizwa

SWALI: Narekodi kwa Kiswahili hadithi ya kale ya Tristan na Isolde. Waliosikiliza sehemu ya kwanza wanasema hawaelewi nani kafanya nini, wala lini. Nitumie "-li-" au "-ka-"? Na joka "alitema" moto au "lilitema"?

JIBU: Tumia vyote viwili, kila kimoja na kazi yake. "-li-" hufungua tukio, "-ka-" hulisogeza mbele: "Mfalme Mark alimtuma mpwa wake Tristan Ayalandi akamposee Isolde. Tristan akapanda merikebu, akavuka bahari, akafika." Ukisema "alipanda, alivuka, alifika", msikilizaji anapata orodha tu, mwendo wa hadithi haupo. Ila "-ka-" mfululizo bila kituo huchosha sikio. Mahali au wakati ukibadilika, anza upya na "-li-".

Pagumu ni kurudi nyuma. Tristan na Isolde wanakunywa dawa ya mapenzi baharini bila kujua, nawe unataka kueleza ilikotoka. Ukisema "Wakanywa. Mama yake Isolde akampa kijakazi dawa", umemfanya mama aitoe dawa baada ya kunywewa! Sema: "Wakanywa. Kumbe mama yake Isolde alikuwa amemkabidhi kijakazi Brangien dawa hiyo kwa ajili ya harusi ya Mark." Hapo "alikuwa ame-" ndiyo inayookoa kisa kizima.

Angalia pia: "walikunywa" lakini "wakanywa", "alikufa" lakini "akafa". Ile "ku-" ya vitenzi vya silabi moja haikai pamoja na "-ka-", kwa hiyo "wakakunywa" si sahihi.

Mambo yanayokwenda sambamba yape "-ki-". Tristan yu mahututi, anangoja tanga jeupe liashirie kuwa Isolde anakuja: "Akingoja, akamuuliza mkewe tanga lina rangi gani. Mke akamdanganya kuwa ni jeusi." Ukisema "akangoja, akauliza", kungoja kumekwisha, na uchungu wa pale umepotea. Mke huyo naye anaitwa Isolde, hivyo kila unapomtaja kwa jina, mtaje kwa ukamilifu: Isolde wa Mikono Myeupe.

Kuhusu joka, "alitema" inafuata upatanisho wa viumbe hai, "lilitema" inafuata umbo la ukubwa. Zote hutumika. Kwa hadithi ya sauti nakushauri "li-", tena kwa nguvu. Sikiliza: "Akamrukia, akamuunguza, akamkata ulimi." Nani kamkata nani? Sasa: "Likamrukia, likamuunguza, akalikata ulimi." Mtu na joka wametengana bila hata jina kutajwa. Ukishachagua "li-", usirudi kwenye "a-" katikati ya pambano. Msikilizaji atadhani ametokea mnyama wa pili.