Woofa yako inashuka hadi hezi ngapi? Usiulize katoni

Juzi nikiwa kwenye matatu pale Kondele niliingiwa na ujumbe wa msomaji kutoka Kakamega. Amejinyima miezi minane, pesa anazo, na ameona woofa ambayo katoni yake imeandikwa inashuka hadi hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, besi iko chini zaidi. "Kaka, ninunue?" Nilikaa na swali hilo hadi nikapitiliza steji yangu, maana huyo ndugu ndiye mimi wa miaka mitatu iliyopita.

Yangu niliinunua hapa hapa Kisumu kwa shilingi 16,500. Niliipeleka Migosi kwa bodaboda nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Usiku ule ule nikapakua programu ya kutoa toni, nikaunganisha simu kwa waya, nikaweka 20. Woofa ikanguruma! Mabati yakatetemeka, vikombe vikagongana kabatini. Nikampigia kaka yangu mkubwa aliye Nakuru, nikamwambia nina spika inayofika pale sikio la binadamu linapokomea. Miezi mitatu mizima nilitembea kifua mbele.

Kisha akanitembelea jamaa anayesimamia mitambo ya sauti kanisani kwetu. Hakubishana nami. Aliomba simu, akazima zile spika ndogo, akaweka 40. Akaiacha kidogo, kisha akashusha hadi 20. "Sauti imeenda chini?" Nikatega sikio. Haikuwa imeenda popote. Ilikuwa ile ile, ila imefifia na ina mkwaruzo. Sasa, toni ya 20 iko oktava nzima chini ya 40, yaani ina nusu ya mitetemo yake. Ukizisikia zinafanana, ujue hiyo ya 20 hujaisikia. Koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, inasukumwa kufanya kazi isiyoiweza, sauti inaharibika, na uharibifu huo unazaa 40 na 60. Sikio letu ni zito sana huko chini kabisa, kwa hiyo linadaka hizo mbili na kukuambia umefika.

Akachana ukanda wa karatasi ya daftari, akaushika mbele ya lile tundu la kupitishia hewa nyuma ya boksi la woofa. Karatasi ikapiga kama bendera ya shule, fuu, fuu, fuu. "Huu ni upepo," akaniambia. "Besi haimo."

Nilirudi dukani kesho yake. Muuzaji akanicheka mbele ya wateja: "Boss, kwani unataka nyumba ianguke?" Mpaka leo inaniuma. Sikutaka nyumba ianguke. Nilitaka kile nilicholipia.

Nimejifunza tangu hapo kwamba 20 peke yake haisemi kitu. Uliza: 20 ikiwa imepungua desibeli ngapi, yaani nguvu ya sauti imeshuka kwa kiasi gani? Mtengenezaji makini huandika, kwa mfano, hezi 35 kwa pungufu ya desibeli 3. Asiyeandika hiyo pungufu amekuachia nusu ya habari, na kwa kawaida ni ile nusu unayoihitaji.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Anza 80, shuka 60, 50, 45, 40, 35, 30, sauti ikiwa ya wastani, na usiiguse tena. Sikiliza kama kila hatua inateremka kweli. Hapo inapoacha kuteremka, au unapoanza kusikia upepo na mkwaruzo, ndipo woofa yako inapokomea. Tafadhali usiongeze sauti ili "kuisaidia". Ukipita chini ya hezi ambazo tundu limetengenezewa, hewa ya ndani ya boksi haiizuii koni tena. Inaruka ovyo, na koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma, inaweza kugonga au kuungua.

Chumba nacho hudanganya, na hapa ndipo wengi huiponda woofa isiyo na kosa. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa karibu mita 8.6. Sebule yenye urefu wa mita 4.3 ni nusu yake kamili, kwa hiyo 40 itavimba ukutani na kupotea katikati. Mimi nilikuwa nimeweka kiti katikati! Toa woofa nje, uwanjani, mbali na kuta, kisha urudie. Na usiamini namba za programu ya simu inayopima sauti, kwa sababu maikrofoni za simu nyingi zimetengenezewa maongezi na huku chini hazisikii vizuri. Yule jamaa alileta maikrofoni ya kupimia, akaisogeza karibu kabisa na koni, kisha mdomoni mwa tundu.

Yangu ilikomea 42.

Nililala vibaya siku hiyo. Lakini waya mnene wa gitaa la besi la nyaya nne, ukipigwa wazi, ni hezi 41. Benga yote niliyokulia nayo, rumba yote ya baba yangu, karibu yote iko juu ya hapo. Anayehitaji kushuka zaidi ni mpenzi wa filamu za milipuko, au mwenye besi ya nyaya tano inayofika 31. Jiulize wewe ni yupi kabla hujatoa hata shilingi. Vijana wetu wananunua namba ili kuwashinda majirani, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ndugu wa Kakamega, nenda dukani na simu yako na waya wako. Omba spika ndogo zizimwe. Muuzaji akikataa, toka. Akikubali, anza na 80, ushuke polepole, kisha uniandikie ilikomea wapi.